Zamu Moja Tu, Kisha Nilale: Maswali Yenu Kuhusu Gemu za Mikakati ya Kihistoria

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja: gemu za kujenga dola zinakula usiku. Tumechagua saba. Wanaojibu ni watu wanaozijua gemu hizi ndani nje, na majibu yao ni ya kutumika leo hii.

Nakaa kwenye Civilization VI saa mbili usiku nikiwa na nia ya kucheza nusu saa. Nikija kutazama saa, ni saa tisa. Mchezo wenyewe umetulia, hauna mbio wala kelele. Unanishika wapi?

Unakushika kwenye mambo ambayo hayajaisha, na umesukwa ili yasiishe kwa pamoja.

Tazama zamu yoyote ya katikati, tuseme ya 60. Mji wa kwanza unaandaa mlowezi wa kwenda kuanzisha mji mpya, bado zamu 3. Mji wa pili unajenga ghala, bado 5. Utafiti unaofichua chuma umebakiza 2. Skauti wako yuko ukingoni mwa ukungu unaofunika ramani, na hatua moja mbele kuna kitu kinachong'aa. Mkataba na jirani unakwisha baada ya zamu 7. Unajiambia, "Mlowezi akitoka, nazima." Anatoka, lakini sasa anataka kuonyeshwa pa kwenda, na kufika kwake ni zamu 4. Kabla hajafika, chuma kimepatikana na unataka kujua kama kimo ndani ya mipaka yako. Hakuna zamu hata moja ambayo kila kitu kimefika mwisho. Unasubiri mahali pazuri pa kusimama, na mahali hapo hapakuwekwa.

Juu ya hayo kuna vijikazi vidogo. Ukiua washenzi 3, utafiti wa shaba unarukishwa mbele. Ukichimba machimbo ya mawe, uashi nao unarukishwa. Hivyo hata zamu isiyo na tukio ina shabaha yake ndogo ambayo karibu unaifikia.

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yake kuhusu kazi zilizokatizwa: watu walizikumbuka kuliko zile walizozimaliza. Watafiti wa baadaye hawakupata matokeo hayohayo kila mara, lakini mchezaji anayelala huku akiona ramani kwenye dari anaelewa vizuri jambo lililokuwa likisemwa.

Zamu zenyewe hazikuja kwa bahati. Sid Meier na Bruce Shelley walipokuwa wakiunda Civilization ya kwanza, iliyotoka 1991, toleo la majaribio lilikuwa likienda lenyewe bila kumngoja mchezaji. Mchezaji akawa mtazamaji. Walipoigeuza iwe ya zamu, kila hatua ikawa inamngoja yeye, na tangu hapo kitufe cha kumaliza zamu kimekuwa na nguvu kuliko saa ya ukutani.

Lipo pia kosa la hesabu ambalo karibu kila mtu hulifanya. Ahadi ya "zamu kumi tu" ukiwa zamu ya 20 ni dakika mbili au tatu, kwa sababu una mji mmoja na askari wawili. Ukiwa zamu ya 220 na miji 12, zamu kumi zilezile zinaweza kula dakika arobaini. Kwa hiyo usijiwekee ahadi ya zamu kamwe. Jiwekee ya dakika.

Sasa namna ya kuondoka. Tega kengele ilie dakika 20 kabla ya muda wako, na simu iwe upande wa pili wa chumba. Ikilia, unaendelea kucheza, ila huanzishi vita, hupeleki mlowezi mpya, huanzi jengo la maajabu. Dakika zikikaribia kwisha, toa amri zote za zamu uliyomo, kisha *usibonyeze* kitufe cha kumaliza zamu. Hifadhi hapo hapo. Chukua karatasi uandike mistari mitatu: ninachosubiri, nitakachofanya kwanza nikirudi, ninachohofia. Kwa mfano: "Nasubiri chuma, zamu 2. Mlowezi aende penye mto upande wa mashariki. Jirani wa kaskazini anakusanya wapanda farasi." Funga mchezo kabisa.

Karatasi hiyo si pambo. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokwisha hupunguza kuisumbua akili pale mtu anapolipangia hatua mahususi, hata kabla hajalitimiza. Kichwa kinakubali kuachilia kikijua kumbukumbu iko mahali salama.

Wanaoshindwa hushindwa sehemu mbili. Wa kwanza humaliza zamu halafu ndipo wahifadhi, wakiona ni usafi zaidi. Zamu mpya ikifunguka inaleta habari mpya, na habari mpya ndiyo ndoana. Wa pili hulaza kompyuta na mchezo ukiwa wazi. Kuurudia kunachukua sekunde mbili, wakati mchezo uliofungwa kabisa unachukua muda kupakia, na muda huo mfupi ndio unaompa mtu nafasi ya kughairi.

Nimeanza michezo zaidi ya arobaini na sijamaliza hata mitano. Nikifika katikati nachoka, naanza upya. Ni uvivu?

Hapana. Katikati umeshashinda, ila mchezo haujakutangaza.

Gemu hizi hukua kama mpira wa matope unaobingirika: mwenye miji mingi anapata utafiti zaidi, utafiti unampa askari bora, askari bora wanampa miji zaidi. Mara nyingi mshindi anajulikana kabla ya nusu ya safari. Kinachobaki ni kazi ya karani: kuhamisha vikosi, kuchagua majengo katika miji ambayo haitabadilisha lolote. Mwanzo wa mchezo ni kinyume chake. Kila uamuzi una uzito, ramani imefunikwa, na kila hatua yaweza kufunua kitu. Ndiyo maana mkono wako unarudi kwenye kuanza upya.

Wengi hudhani dawa ni kupandisha ugumu. Inasaidia kidogo tu, na sababu iko wazi ukijua ugumu umejengwaje. Civilization VI ina viwango 8. Katika kile cha nne kompyuta haipewi upendeleo. Katika cha nane kila mpinzani anaanza na walowezi 3 dhidi ya mmoja wako. Yaani sehemu kubwa ya ugumu imerundikwa mwanzoni. Ukishawafikia, nusu ya pili ni tambarare ileile.

Punguza ukubwa badala yake. Kwa kasi ya kawaida mchezo una zamu 500, kwa kasi ya juu kabisa una 250. Chagua hiyo ya 250 na ramani ya wachezaji 4 badala ya ile ya kawaida ya 8. Kwenye mipangilio washa mwendo wa haraka na mapigano ya haraka, ili usitazame kila askari akitembea. Kisha jiwekee kanuni ya kutangaza ushindi mwenyewe: kama una miji mara mbili ya anayekufuata, unaongoza kwa sayansi, na hakuna anayekaribia ushindi wa dini au utamaduni, mchezo umekwisha. Andika jina la dola yako na zamu uliyofikia, funga. Huo ni mchezo uliomalizika kwa haki. Watengenezaji wenyewe wameliona tatizo hili: Civilization VII ya mwaka 2025 imegawa historia katika enzi tatu, na kila enzi ikifungwa mambo mengi yanapangwa upya. Wapo wasioupenda mgawanyo huo, lakini unampa mchezaji milango halisi ya kutokea, na sisi tunaona hilo ni jambo jema.

Mbinu za zamu hazinisaidii. Nacheza Crusader Kings III na Europa Universalis IV, ambako siku zinakwenda zenyewe. Nisimame wapi?

Hapa hali ni ngumu zaidi, maana hata ukingo wa zamu haupo. Muda unatiririka kwa kasi tano, unausimamisha na kuuachia mwenyewe, na huku kila kitu kina mstari wake unaojaa: mimba ya malkia, njama dhidi ya binamu, dai la ardhi ya jirani, kuzingirwa kwa ngome.

Tumia kalenda ya mchezo. Chagua tarehe moja ya kusimama, mathalani Januari 1, na kila mwaka ukianza simamisha na utazame saa ya ukutani. Usipofanya hivyo, kwa kasi ya tano miaka kumi inapita bila kuonekana, halafu vita moja inakula saa nzima.

Usichague kifo cha mtawala kuwa mwisho wa kikao. Kinaonekana ni mwisho wa sura, kumbe ndipo ndoana ilipo kali kuliko kote. Katika Crusader Kings III urithi wa mwanzoni unagawa ardhi kwa watoto, basi mfalme akifa mrithi wako anajikuta na nusu ya milki, ndugu wenye kinyongo, na mabwana wanaopima kama waasi. Hakuna anayelala hapo. Afadhali kusimama mtawala akiwa na umri wa makamo, akiwa hana vita.

Katika Europa Universalis IV nenda pia kwenye mipangilio ya ujumbe. Kila aina ya taarifa unaweza kuiamuru isimamishe mchezo, itokee tu kwenye dirisha, au ikae kimya. Acha zile za vita na uasi zisimamishe, zilizobaki zinyamaze. Anayeacha kila kitu kitokee anajibu madirisha kwa kubonyeza bila kusoma, na mchezo unamwendesha yeye.

Kwenye Age of Empires II mkondoni siwezi kulala nikiwa nimeshindwa. "Nishinde moja, nikalale." Kwa nini hiyo moja haiji?

Kwa sababu mfumo unaopanga mechi unakutafutia mtu wa uwezo wako. Ukishinda alama zinapanda na unapewa aliye mgumu zaidi, ukishindwa zinashuka. Kwa hiyo uwezekano wako wa kushinda mechi yoyote unazunguka nusu kwa nusu. Fanya hesabu: nusu ya siku utashindwa mechi ya kwanza, robo ya siku utashindwa mbili mfululizo, na siku moja katika nane utashindwa tatu. Na hiyo ni kama kichwa bado kimetulia. Baada ya kushindwa mara mbili mtu hucheza kwa hasira, anapeleka askari mapema, anasahau uchumi, na ile nusu inashuka.

Weka kanuni ya namba kabla ya kuanza: mechi tatu, na ukishindwa mbili mfululizo unaacha hata kama ya tatu haijachezwa. Saa ya ndani ya mchezo isikudanganye. Kwa kasi ya kawaida ya toleo la 2019 inakwenda mara 1.7 ya saa halisi, kwa hiyo mechi iliyoandikwa dakika 40 imekula kama 24 za ukutani. Ongeza kutafuta mpinzani na kupakia, mechi tatu ni kama saa moja na nusu.

Kama kiu ni ya kuboreka, mechi ya nne usiku haikufundishi kitu. Cheza dakika tano za mwanzo peke yako, ukijipima. Unaanza na chakula 200, mbao 200, wanakijiji 3 na skauti mmoja. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na sekunde 25 za mchezo, hivyo akiba yako inatosha wanne, yaani sekunde 100. Kituo cha mji kinabeba watu 5 na tayari una 4, basi nyumba ya kwanza, ya mbao 25, ijengwe mara moja, la sivyo uzalishaji utakwama baada ya mtu mmoja. Kondoo wa kwanza wawe wameanza kuchinjwa kabla ya sekunde hizo 100 kwisha. Wengi wanaolalamika kwamba mpinzani "ana bahati" wameacha kituo cha mji kikae bure kwa jumla ya dakika mbili au tatu kabla ya kufika enzi ya pili. Rudia mwanzo huo mara tatu, tazama sekunde ulizopoteza, uzime. Dakika kumi, na umejifunza zaidi.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 15. Nikimwambia azime anasema "bado kidogo, nitapoteza". Ananidanganya? Na nitajuaje kama ameshakuwa mraibu?

Mama, huenda anasema kweli, inategemea anacheza nini. Civilization na Crusader Kings zinahifadhika wakati wowote, hapo hana sababu. Total War ina sehemu mbili: kwenye ramani kuu anaweza kuhifadhi, lakini akiwa ndani ya pigano hawezi, mpaka liishe. Age of Empires dhidi ya watu wengine, akitoka katikati anahesabiwa ameshindwa, na kama ni timu amewaangusha wenzake. Muulize swali moja: "Uko kwenye ramani au kwenye pigano?" Akiwa kwenye pigano mpe dakika 20, na mkubaliane kwamba halianzi lingine. Kuzima umeme ghafla kunamfundisha kukuficha, hakumfundishi kusimama. Kama anatumia Steam, duka la gemu la mtandaoni, mpango wake wa familia, uliotoka 2024, unamruhusu mzazi kuweka kikomo cha muda wa kucheza kwa siku. Wekeni kikomo hicho pamoja naye, mkiangalia mechi ina urefu gani.

Kuhusu uraibu, wingi wa saa peke yake hautoshi kuupima. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili ni tatu: kushindwa kuudhibiti uchezaji, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea au kuzidisha hata madhara yakionekana. Hayo yawe yameharibu kwa uzito masomo, uhusiano au afya, na kwa kawaida yawe yamedumu miezi 12. Kijana anayecheza saa nne Jumamosi, akala na wenzake, akalala na kufaulu, hayumo humo. Anayekosa shule, asiyelala, anayedanganya kuhusu muda wake na kuacha marafiki aliokuwa nao, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha bila kungoja miezi 12 itimie. Na utazame alikuwa na nini kabla ya mchezo. Huzuni na upweke mara nyingi hutangulia, na mchezo unakuwa mahali pekee ambapo mambo yanamtii.

Gemu hizi zinafundisha historia au zinaipotosha?

Vyote viwili, na ni vizuri kujua wapi ni wapi. Ramani na majina vinaingia kichwani bila jasho. Anayeanza Europa Universalis IV tarehe 11 Novemba 1444 anaikuta Kilwa ikiwa dola ya kuchezwa, anazikuta na Mali na Ethiopia, na ataijua Bahari ya Hindi kama barabara ya biashara kuliko alivyoijua darasani. Age of Empires II iliongeza Wahabeshi, Wamali na Waberiberi mwaka 2015.

Upotoshaji uko kwenye kanuni, wala si kwenye picha. Mchezaji hafi, anajua kila kitu, na anatawala miaka 6,000 akiwa na nia moja. Hakuna mfalme aliyewahi kuwa hivyo. Maarifa yamepangwa kama ngazi moja ambayo kila taifa lazima lipande. Na ardhi zisizo na dola kubwa huchorwa kama nafasi ya kukaliwa, wenyeji wakiwa namba tu ya idadi na ukali wao. Mtoto akicheza, mwulize nani alikuwa akiishi hapo kabla ya rangi ya dola yake kufika kwenye ramani.

Hata hadithi kuhusu gemu zenyewe zina uzushi. Inasemwa kila mahali kwamba Gandhi wa Civilization ya kwanza alipenda mabomu ya nyuklia kwa kosa la programu, ambapo ukali wake ulishuka chini ya sifuri ukageuka 255. Sid Meier aliikanusha hadithi hiyo mwaka 2020.

Kompyuta yangu ni dhaifu na sitaki kununua kitu nitakachojuta. Nianzie wapi?

Anza na za bure. Freeciv, ya mtindo wa Civilization, imekuwepo tangu 1996 na inakwenda kwenye mashine ya zamani. Unciv ni ya simu za Android na kompyuta, imefuata kanuni za Civilization V kwa michoro myepesi, na haihitaji intaneti. 0 A.D. ni ya mtindo wa Age of Empires, ila inalemea kompyuta pale majeshi yanapokuwa makubwa, basi punguza kikomo cha idadi ya watu unapoandaa mechi.

Ukinunua kwenye Steam, kumbuka fedha hurudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujafikisha saa 2 za kucheza. Kwa gemu za aina hii saa 2 hazitoshi kuijua, tena mafunzo ya mwanzo nayo yanahesabiwa. Jifunze kanuni kwa kutazama video kwanza, kisha tumia hizo saa 2 kupima kitu kimoja: kama mashine yako inahimili. Fungua ramani kubwa kuliko zote yenye wapinzani wengi, uongoze zamu kwa haraka, utazame inachukua muda gani kompyuta kumaliza zamu za wengine. Ikiwa mwanzoni tu inazidi nusu dakika, mwishoni mwa mchezo itakuwa dakika kadhaa. Irudishe.